Dizeli ya Zamani Inapokula Mafuta Kupita Kiasi kwenye Barabara Kuu

Usifungue nozo (kinyunyizi cha mafuta kwenye injini) hata moja kabla hujajua kwa hakika gari linakula kiasi gani. Kompyuta ya dashibodi hukadiria tu, na gari likishazeeka makadirio hayo yanaweza kuwa mbali na ukweli. Jaza tangi mpaka pampu ijikate mara ya kwanza, andika kilomita, safiri kilomita 300 hivi, kisha jaza tena, ikiwezekana kwenye pampu ile ile. Gawa lita kwa kilomita, zidisha kwa 100. Lita 21 kwa kilomita 300 ni lita 7 kwa kila kilomita 100. Angalia pia saizi ya matairi. Tairi kubwa kuliko iliyoagizwa huifanya odomita ihesabu kilomita pungufu, na gari zima likaonekana bovu. Linganisha na kilomita za GPS.

Pima kwa mwendo mmoja usiobadilika. Nguvu ya upepo unaolizuia gari hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 120, upinzani huo unapanda kwa asilimia 44. Ukirudia safari kwa 100 na ulaji ukarudi kawaida, injini haina kosa. Keria tupu juu ya paa nayo ing'olewe. Upepo wa matairi upimwe yakiwa bado ya baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni.

Hayo yakishapita, tazama joto la injini kabla ya kitu kingine chochote. Thamostati, yaani vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ikikwama wazi ni ugonjwa unaojificha vizuri sana kwenye dizeli. Mjini, gari likienda taratibu, joto huonekana la kawaida. Kwenye barabara kuu upepo unapita kwa nguvu kwenye rejeta na maji yanashuka hadi nyuzi 60 au 70, badala ya 85 hadi 95 ambayo injini nyingi huhitaji. Kompyuta ya injini inaamini gari bado halijapata moto, kwa hiyo inaendelea kupanga mafuta kama ya injini baridi, na oili nayo inabaki nzito. Geji ya dashibodi isikudanganye: kwenye magari mengi mshale umetengenezwa utulie katikati hata joto likipungua kwa nyuzi kadhaa. Soma joto halisi kwa kifaa cha OBD, kinachochomekwa kwenye soketi ya kusomea kompyuta ya gari, gari likiwa mwendoni.

Gari lisilo na soketi ya OBD lipimwe kwa mkono. Washa injini iliyolala usiku kucha na ushike mpira wa juu wa rejeta, ukikaa mbali na feni na mikanda. Katika magari mengi mpira huo hubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha unapata moto ghafla thamostati inapofunguka. Mpira ukianza kupata uvuguvugu pamoja na injini tangu mwanzo, thamostati iko wazi, au iling'olewa na fundi aliyekuwa akikimbia tatizo la kuchemsha. Rudisha mpya yenye digrii zile zile za kiwanda, weka gasketi mpya, jaza kipozeo sahihi, kisha toa hewa yote kwenye mfumo. Kazi hii ifanywe injini ikiwa baridi kabisa. Joto likisomeka la chini wakati mpira unaonyesha thamostati inafanya kazi, shuku sensa ya joto.

Kisha breki. Breki inayobana kidogo tu haisikiki ukiendesha, lakini inakula mafuta safari nzima. Endesha kama kilomita 20, maliza kwa kuliacha gari lipungue mwendo lenyewe bila kukanyaga breki sana, kisha pima joto la kila diski kwa kipimajoto cha miale. Usiguse diski. Magurudumu mawili ya ekseli moja yawe karibu sawa. Moja likimzidi mwenzake kwa makumi ya nyuzi, hapo ndipo penye kosa. Inua gari, liweke kwenye stendi, na uzungushe gurudumu kwa mkono. Likiwa zito, fungua kidogo nipeli ya kutolea hewa kwenye kalipa (kifaa kinachobana diski) ya gurudumu hilo. Likilegea papo hapo, mpira wa breki umevimba ndani na unazuia mafuta ya breki kurudi. Lisipolegea, pini za kalipa au pistoni zimeshika kutu. Pini zipakwe grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Kwa magurudumu ya nyuma, hakikisha kebo ya hendibreki inarudi yote.

Kwenye giaboksi ya otomatiki, kuna klachi ndani ya toku-konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) inayopaswa kufunga katika mwendo mrefu. Kwenye barabara tupu, ukiwa kwenye gia ya juu na mwendo umetulia, shikilia mafuta palepale na uguse breki kidogo sana. Mizunguko ya injini inapaswa kupanda kisha kurudi. Isipobadilika, huenda klachi hiyo haifungi kabisa. Magari mengi huizuia mpaka injini ipate moto, kwa hiyo thamostati mbovu inakutoza mara mbili.

Moshi mweusi ukipanda mlima ni suala la hewa. Badilisha chujio, kisha kagua mipira kati ya tabo (inayosukuma hewa kwenye injini) na intakula (inayopoza hewa hiyo), hasa upande wa chini ambako mpasuko hauonekani. Alama ya oili mbichi huonyesha pa kutazama. Vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, ikikwama wazi huleta dalili hiyo hiyo.

Kwenye gari lenye chujio la masizi (DPF) kwenye ekzosi, chujio hilo likijisafisha kwa kuchoma masizi karibu kila safari, gari linachoma mafuta ya ziada kila mara. Feni inayoendelea baada ya kuzima na harufu ya kuungua ni dalili. Kipimo cha oili kikipanda juu ya alama, dizeli imeingia ndani: badilisha oili kwanza.

Nozo zije mwisho, kwa sababu ni ghali na mara nyingi husingiziwa. Kwenye injini ya reli ya pamoja (common rail, ambapo bomba moja lenye shinikizo hulisha nozo zote), unganisha chupa zinazolingana kwenye mipira ya marejeo inayorudisha mafuta ya ziada kutoka kila nozo, acha injini iungurume dakika chache bila kukanyaga mafuta, uone ipi inajaa upesi kuliko nyingine: nozo ya chupa hiyo ndiyo ya kushukiwa. Usilegeze kamwe bomba la shinikizo injini ikiwaka: shinikizo la mafuta humo linaweza kuzidi bar 1,000, na mafuta hayo hupenya ngozi. Nozo ikirudishwa, iwekewe washa mpya ya shaba, na kama ni mpya au imehamishiwa silinda nyingine na ina namba ya marekebisho, namba hiyo iandikwe kwenye kompyuta ya injini. Bila hivyo injini inaweza kutikisika na ulaji usishuke.