Kumchagua Punda wa Kwanza Mkoani Tabora

Anayetaka mnyama wa kumbebea maji, kuni au mahindi katika mkoa wa Tabora hana sababu ya kumtamani farasi. Mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo kuja Tabora, farasi wake wawili walikufa mwanzoni tu mwa safari. Punda huyastahimili zaidi maradhi yaenezwayo na mbung'o, ingawa naye huugua nagana, mojawapo ya maradhi hayo, hasa anapopelekwa kwenye mapori ya miombo ya Sikonge, Urambo na Kaliua ilhali amezoea nchi iliyo wazi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lihusu mahali punda alipokulia, kabla hata bei haijatajwa.

Punda huficha maumivu. Ng'ombe mgonjwa hujitenga na kundi, lakini punda mwenye kidonda au kwato mbovu anaweza kusimama kimya mnadani siku nzima, na mnunuzi mgeni akaudhani ukimya huo kuwa ni upole. Nami nilidhani hivyo. Punda wangu wa kwanza nilimnunua mnadani kwa sababu alikuwa mnene na mtulivu, na wiki ya pili nikagundua kwamba alitulia kwa kuwa kila hatua ilimuuma. Tangu hapo namshauri kila anayeniuliza amfuate punda nyumbani kwa mwenyewe, amwone akifungwa sogi la kubebea mizigo mgongoni au mkokoteni, akitembea na mzigo, na akipumzika baada ya kazi.

Anza na kwato. Mwombe mwenye punda ainue miguu yote minne, mmoja baada ya mwingine. Punda aliyezoeshwa vizuri atakubali, na anayekataa mguu mmoja tu huenda anakuonyesha unaouma. Kwato nzuri ni fupi, imara, hazina nyufa ndefu wala harufu ya uozo, na chini yake hakuna sehemu laini inayobonyea. Zikiwa zimerefuka hadi kujikunja mbele kama makubadhi, mfupa wa ndani unaweza kuwa umeshaharibika, na kuzikata tu hakutamponya. Kisha aendeshwe juu ya ardhi ngumu, nawe usikilize: hatua zikilingana utasikia mdundo mmoja, na anayechechemea hutikisa kichwa kila mguu unaouma unapokanyaga.

Pitisha kiganja mgongoni, begani na chini ya mkia, ambako kamba hukata. Manyoya meupe yaliyoota katika madoa ni kumbukumbu ya vidonda vya zamani. Si kosa la punda, bali ni habari za aliyekuwa akimfunga. Kidonda kibichi ni sababu ya kusubiri. Uliza pia kama amekuwa akivutishwa kwa nira ya ng'ombe, kwa maana punda hana nundu ya kuipokea, naye huvuta vizuri kwa mkanda mpana unaopita kifuani.

Umri usiambiwe, uusome kinywani. Meno ya mbele ya maziwa hubadilika kuanzia takriban miaka miwili na nusu, na anapotimiza miaka mitano hivi huwa na meno yote ya utu uzima. Baadaye vishimo vilivyo juu ya meno hulika na meno yenyewe huinama mbele. Kwa anayeanza ningechagua wa miaka mitano hadi kumi na miwili, aliyekwisha kufundwa, kwani punda anayetunzwa huweza kupita miaka 25. Mtoto wa miaka miwili ni rahisi kumnunua, lakini mifupa yake haijakomaa kwa mzigo.

Punda kihongwe, yaani punda wa bara, amesifika tangu zamani kwa ukaidi, na methali nayo yasema shukrani ya punda ni mateke. Naona tunamwonea. Punda husimama anapoona hatari au anapozidiwa, na mwenye kilo 150 hapaswi kubebeshwa zaidi ya kilo 50 hivi mgongoni: madumu mawili ya lita 20 yanatosha, la tatu limempita.

Ikiwezekana nunua wawili waliozoeana, maana punda aliyetenganishwa na mwenzake anaweza kukataa kula hadi akaugua vibaya. Mpatie afisa mifugo nafasi ya kumkagua, na upate kibali cha kumsafirisha kabla ya kumtoa wilaya moja kwenda nyingine. Mwulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda, ugonjwa unaoingia kwa kijeraha kidogo cha kwato. Banda lenye paa lisilovuja liwe tayari kabla ya mvua za Novemba, kwa sababu manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, na akilowa usiku kucha hupata baridi.