Gesi ya mtungi si gesi ya bomba: yajue haya kabla ya kushika spana

Fundi wa Dar es Salaam siku hizi anakutana na gesi mbili. Ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Ya bomba, kutoka visima vya Songo Songo na Mnazi Bay, karibu yote ni methani. Hazina rangi wala harufu, na ile harufu kali unayoisikia jikoni imetiwa makusudi.

Anza na uzito. Hewa ikiwa 1, methani ni kama 0.6, kwa hiyo hupanda darini. Propani ni 1.5 na butani 2: hushuka, hutambaa sakafuni, hujaa kwenye mitaro na chini ya makabati. Kigunduzi cha gesi ya mtungi hufungwa sentimita 30 kutoka sakafuni au chini yake. Cha methani hufungwa karibu na dari. Ukifungua dirisha la juu tu, gesi ya mtungi inabaki miguuni pako.

Methani huwaka ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa, lakini propani huanzia 2 hivi. Chukua jiko la mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5. Asilimia 2 yake haifiki nusu mita ya ujazo, takribani kilo moja ya gesi. Mtungi mdogo una kilo 6! Tena gesi ikilala chini, sakafuni hufikia kiwango hicho mapema zaidi. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye kila kiungio, kiberiti kikae mfukoni.

Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika. Kwenye nyuzi 30, propani tupu ina presha ya bari 10 hivi, butani tupu haifiki 2. Regyuleta huishusha hadi karibu milibari 30, yaani bari 0.03. Geji haikuambii kilichobaki, maana presha haianguki mpaka kimiminika kikaribie kwisha. Pima kwa mizani, kisha toa uzito wa mtungi mtupu uliochapwa juu yake.

Mtungi mdogo ukilisha majiko makubwa hutoa jasho, hata barafu, na moto hulegea: kimiminika hula joto kinapogeuka mvuke. Dawa ni kuunganisha mitungi miwili. Usiulaze mtungi ili gesi "itoke vizuri". Kimiminika kitaingia kwenye regyuleta, na lita moja yake hufumuka kuwa lita 250 hivi za gesi.

Kuhamisha jiko kutoka mtungi kwenda bomba:

1. Funga valvu, zima miali yote, toa gesi iliyobaki kwenye mpira.
2. Badili nozeli zote, yaani vipande vyenye tundu la kutolea gesi. Tundu la methani ni pana kwa karibu mara moja na nusu.
3. Badili regyuleta, kisha rekebisha moto mdogo.
4. Pima uvujaji, washa.

Ukiacha nozeli za mtungi, moto utakuwa nusu. Ukikosea kinyume, gesi ya mtungi kwenye nozeli za methani, joto hupita maradufu na hewa haitoshi, kwani propani hutaka hewa mara 24 ya ujazo wake na methani mara 10 tu. Utaona ndimi ndefu za njano na masizi kwenye sufuria. Usichokiona ni kaboni monoksidi, gesi yenye sumu.