Kabla Hujatuma Maombi ya Chuo Marekani, Kagua Hati Yako ya Matokeo

Anayepokea maombi katika chuo cha Marekani hatosheki na wastani wa alama (GPA). Hufungua hati ya matokeo aone ulisoma nini, alama zimepanda au zimeshuka, na shule yako ilikuwa na masomo gani magumu ambayo ungeweza kuyachagua. Basi omba nakala ya hati hiyo darasa la 11 (mwaka wa kabla ya ule wa mwisho wa sekondari ya Marekani) linapoisha, uisome mstari kwa mstari. Makosa ya kawaida ni somo lililorudiwa kubaki na alama ya zamani, somo la AP (Advanced Placement, yaani somo la kiwango cha chuo linalofundishwa sekondari) kuandikwa kama la kawaida, au somo la kiangazi kusahaulika kabisa. Ukisubiri Oktoba, utapanga foleni kwa mshauri wa shule pamoja na darasa zima.

Kisha ujue wastani wako ni wa aina gani. Kwa kawaida A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2. Mwenye A tatu na B mbili ana 3.6. Lakini shule nyingi huongeza pointi moja kwa somo la AP. Mwanafunzi huyohuyo, A zake mbili zikiwa za AP, anafika 4.0. Vyuo vingi hukokotoa upya kwa kanuni zao, kwa hiyo kwenye fomu taja na kipimo: 4.0 kati ya 5 si 4.0 kati ya 4. Na kama shule yako haitumii herufi, usizigeuze alama mwenyewe. Ziandike zilivyo.

Chuo Kikuu cha California ni mfano mzuri wa kanuni hizo. Kinataka masomo 15 ya kundi la A-G (orodha yake ya masomo ya sekondari ambayo mwombaji lazima awe ameyasoma), 11 kati yake yakamilike kabla ya darasa la 12 kuanza, na alama iliyo chini ya C haihesabiwi kuwa umelitimiza somo. Wastani wake huchukua masomo ya kuanzia kiangazi cha baada ya darasa la 9 hadi kile cha baada ya darasa la 11. Nyongeza ya masomo magumu ina kikomo: mihula 8, na isiyozidi 4 iwe ya darasa la 10. Kiwango cha chini ni 3.0 kwa mkazi wa California na 3.4 kwa asiye mkazi. Hicho ni kibali cha kuingia kwenye foleni tu. Kampasi zenye ushindani hukataa wengi waliokipita.

Je, B ya somo gumu au A ya somo rahisi? Kwa vyuo vinavyochuja sana, B hiyo ina thamani zaidi. Ila kurundika AP tano ukaambulia C tatu ni hasara tupu.

Kama kuna muhula ulioporomoka kwa ugonjwa au kuhama shule, eleza kwa sentensi chache katika sehemu ya maelezo ya ziada: lini, nini kilitokea, alama zilirudi lini. Mshauri wako athibitishe hayo kwenye barua yake.

Darasa la 12 nalo linasomwa. Ripoti ya nusu mwaka hutumwa baada ya muhula wa kwanza, na ya mwisho baada ya kuhitimu. Nafasi uliyopewa inaweza kufutwa alama zikianguka. Hata kuacha somo uliloliorodhesha kwenye maombi huonekana, hivyo kiandikie chuo kwanza, kabla hujaliacha.