Usihamishe Kipandikizi kwa Kuona Majani

Kila mwaka joto linaporejea mwezi Septemba, baada ya baridi ya Juni hadi Agosti, watunza bustani wengi wa majumbani hapa Arusha na Moshi hukata vipandikizi vya bogenvilia, waridi, haibiskasi na fikasi, na kila mwaka vipandikizi vingi hufa katika hatua ileile. Chanzo si ukosefu wa maji wala udongo mbaya. Mwenyewe ameona majani mawili matatu mabichi, akaamini kwamba kipandikizi kimeshika, akakihamishia bustanini siku hiyohiyo. Baada ya siku chache majani yananyauka, anaongeza maji, shina linaoza, na lawama zinamwangukia aliyemgawia tawi.

Shina lililokatwa lina akiba ya wanga na maji, na joto linapoongezeka macho yake huchipua kwa akiba hiyo bila kupata chochote kutoka chini, sawa na kaya inayokula ya ghalani wakati shamba bado halijalimwa. Wakati huo kitako cha shina kimeanza tu kujenga uvimbe mweupe wa kuziba jeraha, na mizizi bado haijatokeza. Bogenvilia huweza kuonyesha majani katika wiki ya pili au ya tatu, ilhali mizizi ya kutosha kuilisha huhitaji wiki 6 hadi 10. Haibiskasi na waridi huhitaji takriban wiki 4 hadi 8, na fikasi mara nyingi wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo kipo kipindi cha wiki kadhaa ambacho kipandikizi kinapendeza machoni na hakina mzizi wa kunywea maji, na kila jani jipya linalofunguka linazidi kupoteza maji hewani. Kukihamisha katika kipindi hicho ni kukiua.

Wapo pia wanaosubiri, lakini kila baada ya siku tatu wanavuta kipandikizi kidogo ili kujua kama kimekamata. Tafadhali acheni jambo hili. Mzizi mchanga wa sentimita moja hukatika kwa mvuto ambao mkono wala hauuhisi, na vinyweleo vyake, ambavyo ndivyo vinavyonyonya maji, huchanika hata mzizi wenyewe usipokatika. Kipandikizi kilichovutwa mara tatu kimelazimika kuanza upya mara tatu, na akiba yake haitoshi kwa safari zote hizo.

Njia ya kuona mizizi bila kuigusa ni rahisi na haina gharama. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5, ikate sentimita 18 kutoka chini, na utoboe matundu matano kwenye kitako kwa msumari uliopashwa moto. Jaza sentimita 15 za mchanganyiko wa mchanga mnene wa mtoni sehemu mbili na udongo wa juu uliochekechwa sehemu moja. Usitie samadi hata kiganja kimoja, kwa maana samadi huunguza mizizi michanga na kukaribisha ukungu. Zungushia chupa gazeti lililokunjwa mara mbili na ulifunge kwa uzi, kwa sababu mizizi hukwepa mwanga. Mara moja kwa wiki, siku ileile, fungua gazeti, tazama ukuta wa chupa, kisha ulifunge tena. Chupa moja ichukue kipandikizi kimoja tu. Ukiweka vitatu mizizi itasukana, na siku ya kuvitenganisha utairarua.

Kipandikizi chenyewe kiwe na unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hadi 20, kutoka kwenye tawi lililoanza kukomaa na ambalo halina maua. Kitako kikatwe milimita 5 chini ya jicho, na juu kikatwe kwa mshazari sentimita 1 juu ya jicho la mwisho, ili usije ukasahau upande upi ni wa juu. Fukia sentimita 7, na hakikisha macho mawili yamo ndani ya udongo. Bakiza majani mawili ya juu na uyakate nusu. Fikasi hutoa utomvu mweupe; osha jeraha kwa maji safi hadi utomvu ukome ndipo ufukie. Funika kwa chupa ya lita 5 au 6 iliyoondolewa kitako, na uweke chini ya migomba au ukutani mahali ambapo jua la moja kwa moja halifiki, kwa sababu jua la saa sita juu ya chupa iliyofunikwa hupika kipandikizi.

Tarehe zina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Vipandikizi vya bogenvilia vilivyokatwa katikati ya Septemba hufikia wiki ya 10 mwishoni mwa Novemba, wakati ambapo vuli kwa kawaida imekwishaanza, udongo una joto, na anga yenye mawingu hupunguza unyaukaji. Anayekata mwishoni mwa Mei anavipeleka vipandikizi moja kwa moja kwenye baridi. Vinaweza kukaa hadi Agosti bila mzizi wa maana, navyo visihukumiwe kwa kalenda ya Septemba. Urefu wa mahali nao uzingatiwe. Mji wa Arusha uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi mjini uko chini zaidi, kwa hiyo jirani wa Moshi anaweza kukutangulia kwa wiki moja au mbili kwa aina ileile ya mmea, na wa Marangu au Machame juu akachelewa kuliko nyote wawili. Usihamishe kwa sababu jirani amehamisha.

Hamisha pale tu unapoona kwenye ukuta wa chupa mizizi kadhaa yenye urefu wa sentimita 3 hadi 5 ambayo imeanza kutoa matawi ya pembeni. Mzizi mmoja mrefu mweupe usio na matawi hautoshi; ongeza wiki mbili. Ikitimia, kikomaze kipandikizi kwa siku 10 kabla ya kukihamisha: siku tatu za kwanza fungua kizibo cha chupa ya juu, siku nne zinazofuata inua chupa hiyo kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa mbili alasiri, siku tatu za mwisho iondoe kabisa. Mwagilia asubuhi ya siku ya kuhamisha, na kazi yenyewe ifanyike baada ya saa kumi alasiri. Usikishike kipandikizi kwa shina ukakichomoa. Kata chupa kwa mkasi kutoka juu hadi chini pande mbili, tandua plastiki, na ushushe donge la udongo likiwa zima, hasa kwa bogenvilia, ambayo mizizi yake hukatika upesi kuliko ya mimea mingine niliyoitaja. Usawa wa udongo ubaki palepale ulipokuwa. Weka kivuli kwa siku 7 hadi 10, na usitie mbolea yoyote kabla ya wiki 4 kupita. Chipukizi jipya ndani ya wiki mbili au tatu linaonyesha kwamba kimeshika.

Kwa wanaootesha masale (dracaena), nawasihi watumie maji ya mvua kila inapowezekana. Maji ya visima na chemchemi katika maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, na jamii ya masale huathirika nayo: ncha za majani hukauka na kuwa kahawia, na wengi hudhani ni kiu wakaongeza maji yaleyale.

Sasa nije kwenye bonsai, yaani mti unaofanywa mdogo na kutunzwa kwenye sahani, maana vijana wengi wameipenda na haraka ileile wanaipeleka huko ikiwa kubwa zaidi. Mtu anaotesha fikasi, inapata mizizi, na wiki hiyohiyo anaitia kwenye sahani ya kina cha sentimita 5, anapunguza mizizi, anakata matawi na kuyafunga waya, yote kwa mkao mmoja. Mti wa bonsai hunenepeshwa kwanza ardhini au kwenye chungu chenye kina kwa miaka kadhaa, na sahani huja mwishoni. Sahani ya kina kifupi hubaki na maji kitakoni kwa sehemu kubwa ya udongo wake hata ikiwa na matundu, na ndiyo maana udongo wa bustani humo huozesha mizizi. Tumia changarawe nyepesi za volkano zenye ukubwa wa milimita 2 hadi 6, ukizichekecha na kutupa vumbi lote, sehemu mbili kwa sehemu moja ya mboji iliyoiva vizuri.

Siku ya kuhamishia mti kwenye sahani, usikate zaidi ya theluthi moja ya mizizi, na upunguze majani kwa kiasi kinacholingana. Funga donge la mizizi kwenye sahani kwa waya unaopita kwenye matundu ya chini, kwa sababu mti unaotikiswa na upepo hukata vinyweleo vyake vipya sawasawa na ule unaovutwa kwa mkono. Waya wa kukunja matawi usubiri wiki 6 baada ya hapo. Utakapoufunga, ukague kila baada ya wiki mbili, kwa kuwa fikasi hunenepa upesi katika miezi ya joto. Mara waya unapoanza kuzama kwenye gome, ukate kipande kwa kipande kwa koleo badala ya kuuzungusha, hata kama tawi bado halijakaa unavyotaka, kisha ufunge mwingine baada ya mwezi.