Pesa ya Msimu na Masika: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaanza Kazi Hotelini

Kila mwaka, mvua zikipungua na Juni ikikaribia, vijana wa huku Unguja wanapanda gari kwenda Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani kutafuta kazi za hoteli. Wengine wanavuka kutoka Pemba. Nimekaa mapokezi ya hoteli kwa misimu kadhaa. Nimewaona wakifika na begi moja, na nimewaona Aprili wakikopa nauli ya kurudia kwao. Si kwamba hawakupata. Walipata, tena vizuri, lakini pesa ya msimu haikufika ng'ambo ya masika. Ndiyo maana naandika haya, kijana ayajue kabla hajapokea bakshishi ya kwanza.

Anza na daftari, siyo benki. Andika miezi yote 12 kwa mstari. Juni hadi Oktoba wageni ni wengi, na wanarudi tena kwa wingi kuanzia Desemba hadi Februari. Machi wanapungua. Aprili na Mei hoteli nyengine zinafunga kabisa na wafanyakazi wanarudi nyumbani bila mshahara. Kwa hiyo wewe unachuma miezi 10 lakini unakula miezi 12. Tuseme nyumbani kwenu mnahitaji shilingi 250,000 kwa mwezi. Masika ya miezi miwili yanataka 500,000. Zigawe kwa miezi 10 ya kazi, unapata 50,000. Hiyo 50,000 itoke siku ile ile mshahara unapoingia, kabla hujamlipa mtu wa duka na kabla hujatia vocha. Ukisema utaweka kitakachobaki, hakibaki kitu.

Kisha weka kalenda ya pili juu ya ile ya kwanza. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na nguo za Idi za watoto zinarudi nayo. Mwaka 2025 Idi ndogo iliangukia mwisho wa Machi, mlangoni kabisa pa masika. Waliokuwa hawakuiandika waliingia Aprili mikono mitupu. Januari nayo ina sare na madaftari ya skuli. Haya yote yanajulikana mapema, na kinachojulikana mapema hakistahili kukopewa.

Sasa fedha za kigeni, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mshahara wako, mchele wako, kodi ya chumba chako na nauli yako vyote ni kwa shilingi. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutaja bei au kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za humu nchini. Kwa hiyo dola uliyopewa na mgeni ni kitu cha kuuza, kama samaki aliyetoka kuvuliwa. Lazima ujue bei yake ya leo na ujue nani anamchukua.

Ukisimama mbele ya ubao wa duka la kubadilishia fedha utaona safu mbili: kununua na kuuza. Maneno hayo yanasemwa upande wa mwenye duka. Wewe ukiwa na dola mkononi, yeye ndiye anayenunua, basi bei yako ni ile ndogo. Tuchukue mfano: ubao unasema kununua 2,440, kuuza 2,500. Ukitoa dola 200 unapata shilingi 488,000. Ukigeuka pale pale ukataka dola zako zirudi, 488,000 hizo zitakupa dola 195 na senti 20. Karibu dola tano zimekwenda na hujatoka hata nje ya mlango. Ndiyo faida ya duka, na ni halali yao, lakini kila unapobadilisha bila sababu unailipa. Angalia pia kama ubao umetenga bei ya noti ndogo. Noti za dola 1, 5 na 10 mara nyingi zinachukuliwa kwa bei ya chini kuliko za 50 na 100, na bakshishi nyingi ni hizo ndogo.

Kuna wanaoziweka dola wakisubiri zipande. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,700, na watu wakasema haitarudi nyuma. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuka hadi kwenye 2,400. Aliyekuwa na dola 100 alizozitunza kwa ajili ya masika alipoteza shilingi 30,000 hivi akiwa amekaa tu. Mimi sasa nafanya hivi: pesa ambayo nitaila ndani ya miezi sita naigeuza shilingi mapema, iwe bei nzuri au ya kawaida. Ya kungojea labda iwe ile ambayo hata ikishuka, mtoto hakosi chakula.

Wengi wetu tuna jamaa Oman au Dubai, kwa hiyo jua na hili. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola, na tangu 1986 kiwango ni hicho hicho: riali moja ni kama dola 2.60. Riali ya Saudia nayo ni 3.75 kwa dola, na dirhamu ya Dubai ni kama 3.67. Maana yake, dola ikipanda hapa kwetu, hizo zote zinapanda nayo, na ikishuka zinashuka nayo. Huna haja ya kufuatilia bei nne. Euro na pauni ndizo zinazokwenda njia yao. Wala usidhani fedha ni dhaifu kwa kuwa moja yake ni ndogo: yen zaidi ya 100 ndizo zinazofanya dola moja, na Japani si nchi maskini.

Tena si kila mgeni wa Ulaya ana euro. Poland imo katika Umoja wa Ulaya tangu 2004, lakini fedha yao ni zloti. Wageni wa Poland tunawapata wengi, na ukipewa zloti unaweza kuzunguka mji mzima usione wa kuzipokea. Mwambie mgeni kwa adabu, mapema, kabla hajafunga begi.

Sarafu ni hivyo hivyo. Mhudumu anaachiwa mezani euro 2, euro 1, anafurahi, anazitia katika kopo. Maduka ya kubadilishia fedha yanachukua noti, sarafu hayazitaki. Nimeona kopo la maziwa limejaa sarafu na mwenyewe hana nauli. Dawa yake ni mgeni anayeondoka: sarafu tano za euro 2 kwa noti moja ya euro 10. Kwake sarafu zile zinafaa uwanja wa ndege wa kwao, na wengi wanakubali ukiwaomba vizuri.

Noti yenyewe nayo ina adabu zake, na hili nililipia. Msimu wangu wa pili mzee mmoja aliniachia dola 100. Niliikunja mara nne, nikaibana kwa pini, nikaitia katika kibubu cha mbao, nikasema hii ya masika. Aprili nilipokivunja ilikuwa imelainika kwa unyevu, mikunjo imeanza kukatika katikati, na pini imeacha doa la kutu. Nikaipeleka mjini. Dada wa dirishani aliigeuza mara mbili, akasoma mwaka ulioandikwa: 2003.

“Kaka, hii hatuichukui.”

“Kwani bandia?”

“Si bandia. Ya zamani, tena imechanika.”

Duka la tatu ndilo lililoichukua, kwa bei iliyoniumiza. Baadaye nilijifunza kwamba Marekani haijafuta noti zake za zamani, hata za 1861 ni halali kwao. Lakini mwenye duka huku anaogopa kwamba naye atakataliwa, na woga wake ndio bei yako. Wazee wanasema akiba haiozi. Ya karatasi inaoza. Iweke dola imenyooka, ndani ya kitabu, mahali pakavu, bila pini wala wino.

Na uikague unapopewa, siyo usiku ukihesabu. Noti ya dola 100 inayotolewa tangu Oktoba 2013 ina utepe wa buluu uliosukwa ndani ya karatasi. Ukiinamisha noti, picha za kengele katika utepe zinageuka kuwa 100. Pembeni kuna kidau cha wino chenye kengele ndani yake. Rangi ya kengele hiyo inahama kutoka ya shaba kwenda kijani. Pitisha kidole kwenye bega la Franklin, yule mzee wa kwenye picha, utahisi mkwaruzo. Ikiwa laini kama karatasi ya daftari, mrudishie mwenyewe angali yupo.

Kuhusu mahali pa kuweka: kibubu ni kwa shilingi za wiki hizi, siyo za masika. Upatu ni mzuri mkiwa mnajuana na zamu yako ukaiomba iangukie Machi au Aprili, siyo Agosti ambapo unazo tayari. Benki inakutoza kidogo, lakini amana yako ina kinga: benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana inafidia hadi shilingi 7,500,000. Anayekimbia riba ana huduma za kibenki za Kiislamu, kama dawati la Ikhlas la Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ). Na akiba ikikaa mwaka wa Kiislamu mzima ikiwa imefika thamani ya gramu 85 za dhahabu, ina zaka ya asilimia 2.5. Bei ya dhahabu duniani inatajwa kwa dola, kwa hiyo kiwango chako kwa shilingi kinabadilika. Kikague kila mwaka, na dola zako za kitabuni uzihesabu humo humo.

Mkopo wa simu au wa mtu wa mtaani, uliza riba ni ya muda gani. Asilimia 10 kwa mwezi inasikika ndogo, nayo ni 120 kwa mwaka.

Mwisho, kabla ya kutia saini mkataba, uliza habari ya ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, na uandike namba yako ya uanachama katika lile daftari. Baada ya miezi miwili nenda ofisini kwao wewe mwenyewe, uulize kama michango yako imeingia. Ukingoja hadi hoteli ifungwe Aprili, wa kumuuliza atakuwa ameshaondoka.