Ukimtafuta mliyesoma naye, tafuta kwao kwanza

Watu wengi wakipewa kazi ya kuwatafuta waliosoma pamoja huanzia Facebook. Wanaandika jina, wanaletewa watu mia wenye jina hilohilo, wanachoka. Mimi nauza nafaka soko la Majengo hapa Dodoma, na ndiye katibu wa kamati ya darasa letu inayoandaa siku ya kukutana tena, sisi tuliomaliza la saba kule Bahi mwaka 1992. Enzi zile hakuna mtoto aliyekuwa na simu, na kwenye daftari la mahudhurio uliandikwa majina mawili tu, lako na la baba. Sasa ingia mtandaoni umtafute Anna Yohana. Utawapata akina Anna Yohana wote kuanzia Kibaigwa hadi Manyoni, isipokuwa wako.

Kwa hiyo mwache mtu, tafuta kwao.

Kaeni wawili au watatu mnaokumbuka vizuri, mwandike kila jina na pembeni yake: walikaa wapi, baba alifanya kazi gani, mama alisali wapi, ndugu zake ni akina nani. Kazi ya baba ndiyo inayosema mengi. Bahi kuna stesheni, na watoto wa reli walihama na wazazi wao, leo Bahi, mwakani Saranda, baadaye Tabora au Kigoma. Watoto wa walimu, polisi na mabwana shamba vivyo hivyo. Hao usipoteze nauli kuwaulizia kijijini. Tafuta mstaafu aliyefanya kazi na baba yao. Wastaafu wa reli wanajuana, atakwambia nani alijenga wapi na nani alirudi kwao Kigoma.

Wenyeji ni rahisi zaidi. Mwenyewe anaweza kuwa Mbeya au Muscat, lakini hakosi kaka aliyebaki na majaruba ya mpunga, na mwenyekiti wa kijiji anamfahamu. Ila uulize vizuri. Daudi wa darasani nyumbani anaweza kuwa Ndahani, na Anna akawa Sechelela. Ukifika ukataja Daudi, wazee watakutazama tu. Taja baba yake, taja nyumba iliyokuwa jirani, na jina la utani ulitaje pia hata kama ni la aibu, maana hilo ndilo wengi wanalolikumbuka.

Wanawake wenzangu ndio wanaopotea hasa. Ameolewa, anatumia jina la mume, mtaani anaitwa Mama Junior, na hata kwenye simu yangu nimemwandika Mama Junior. Hapo usihangaike naye, mtafute kaka yake. Wanaume majina yao hayabadiliki. Njia nyingine ni kanisani. Kwa Wakatoliki, mtu akifunga ndoa parokia nyingine, taarifa hutakiwa kurudishwa parokia aliyobatizwa ikaandikwa kwenye kitabu cha ubatizo. Usiende kudai uonyeshwe kitabu, si mali yako. Mweleze katekista shida yako, mwachie namba yako, mwombe afikishe ujumbe kwa familia. Waanglikana na waumini wengine, mzee wa kanisa au mama wa kwaya anatosha. Msikitini vilevile, waulize wazee baada ya swala.

Shuleni nako kuna kitabu cha uandikishaji chenye jina la mzazi. Nendeni na barua iliyoandikwa na kamati, na msiende Septemba, wakati mwalimu mkuu ana mtihani wa la saba kichwani. Kama mna nafasi Jumamosi, piteni mnada wa Msalato. Watu wa vijiji vingi wanakutana pale, na penye nyama choma habari haikosekani.

Kuna mtu atakuletea kijitabu cha zamani chenye namba za simu. Usikitupe. Namba iliyoanza na 0744 ilikuja kuwa 0754, ya 0748 ikawa 0784, ya 0741 ikawa 0713, tarakimu sita za mwisho zikabaki zilezile. Kabla hujapiga, anza kana kwamba unaitumia namba hiyo shilingi mia tano kwa simu. Jina lililosajiliwa litatokea kabla hujaweka namba ya siri, ukishaliona unasitisha. Jina likiwa geni usikate tamaa, laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la mtoto au mke.

Simu ya kwanza ndiyo inayoharibu mambo. Nchi hii kila mtu ameshapokea ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, kwa hiyo ukianza na “unanikumbuka?” anakata. Jitambulishe majina yako ya shule, taja kitu ambacho tapeli hawezi kukijua: mlikaa dawati lipi, nani alichapwa kwa ajili ya nani, mwalimu gani alikuwa anasinzia kipindi cha Sayansi. Na nakuomba sana, usitaje mchango siku hiyo. Mtu aliyepotea miaka thelathini akisikia elfu hamsini anapotea tena.

Akikubali, muulize kama namba yake iwekwe kwenye kundi la WhatsApp. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, wapo wenye sababu za kutotaka kuonekana. Mwingine anadaiwa, mwingine hali yake si nzuri na anaona haya. Akisema hapana, mwambie kamati “nimempata, anawasalimu”, basi. Usitoe wilaya wala kazi yake.

Waliotangulia mbele ya haki msiwafute kwenye orodha. Waiteni wenzi wao au watoto, wasitozwe kitu.

Tarehe ya kukutana pangeni baada ya mavuno, Julai au Agosti, ili waliobaki kijijini waje wakiwa na chochote mfukoni. Sisi tunakwepa wiki ya Nanenane kwa sababu nyumba za wageni hujaa. Wa Dar watapanda treni ya umeme hadi Dodoma, kuanzia hapo ni basi la Singida linalopita Bahi. Aliyepatikana mwambieni tarehe siku hiyohiyo, ili na yeye aanze kumtafuta mmoja.