Kutoa hewa lori likizimika kwa kuishiwa dizeli

Lori likiishiwa dizeli, kujaza tangi hakutoshi. Hewa imeshaingia kwenye mipira ya dizeli. Usipige starta mfululizo, utaua betri na starta yenyewe itaungua. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, kidogo tu, kisha piga pampu ya mkono. Kwanza hutoka povu linalotematema, halafu dizeli safi. Kaza huku ukiendelea kupampu. Mimi niliwahi kukaza mapema, nikakesha chini ya lori. Likigoma bado, kagua washa (pete bapa) za shaba upande wa kuvuta, yaani kutoka tangi hadi pampu: hapo hewa huingia bila dizeli kuvuja nje. Ila injini ya komoni reli (bomba moja la presha kubwa hulisha nozeli zote, zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini), usilegeze bomba la nozeli ikizunguka. Presha hupita baa 1,000, inatoboa ngozi.